Mtoto Aliyezaliwa Wiki Chache Kabla: Mwongozo Kamili kwa Wazazi wa Dar es Salaam

Mtoto wa wiki 35 mwenye kilo 2.6 huwadanganya watu. Kucha anazo, nywele anazo, sauti ya kulia anayo. Bibi akimpokea anashangaa: "Huyu naye njiti? Mbona mkubwa?" Basi analazwa na mama yake, na kesho yake wanaruhusiwa pamoja na mtoto wa kitanda cha pili aliyezaliwa na wiki zake 39. Shida inakuja siku ya tatu au ya nne, mmeshafika nyumbani Tandika au Kimara, muuguzi hayupo, na mtoto analala tu.

Mwongozo huu ni wa watoto hao, waliozaliwa kati ya wiki 34 kamili na wiki 36 na siku 6. Wale wa wiki 28 au 30 wana wodi yao, na hakuna daktari atakayewaruhusu mapema. Huyu wa wiki 35 hana mtu wa kumtilia shaka, kwa hiyo mwenye shaka inabidi awe mzazi.

Hesabu wiki, si kilo

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 ni njiti, awe na kilo mbili au tatu. Mama mwenye kisukari anaweza kujifungua wiki ya 35 mtoto wa kilo 3.4, mashavu yamejaa, na bado mapafu, ini na ubongo wake ni vya wiki ya 35. Ubongo wa umri huo una takriban theluthi mbili tu ya uzito ambao ungekuwa nao mimba ikitimia. Yupo pia mtoto wa kilo 2.2 aliyetimiza wiki 39: mdogo, lakini amekomaa. Wote wawili ni wa kuangaliwa, ila kwa sababu tofauti.

Chukua kadi ya kliniki, tafuta tarehe ya matazamio. Hiyo ndiyo wiki ya 40. Hesabu kurudi nyuma mpaka siku aliyozaliwa. Kama matazamio yalikuwa tarehe 15 Julai na amezaliwa tarehe 10 Juni, ni siku 35 kabla, yaani wiki tano: amezaliwa na wiki 35. Kama ulipima ultrasaundi mapema, kabla ya wiki ya 24, tumia tarehe ile kuliko ya kukumbuka hedhi. Ultrasaundi ya mimba ya miezi minane haisaidii sana kwa hesabu hii, maana inapima ukubwa wa mtoto na inaweza kupotea kwa wiki mbili au tatu. Ukishapata jibu, liandike kwenye kadi ya mtoto, juu kabisa, kwa maandishi makubwa. Kila atakayemhudumia alione.

Mtaani utasikia kwamba wa miezi saba hupona ila wa miezi minane hafiki mbali. Si kweli. Kila wiki anayoongeza tumboni inampunguzia hatari, haijalishi ni mwezi wa ngapi.

Uchungu ukianza kabla ya wakati

Maji yakitoka, damu ikitoka, tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio, au kichwa kikiuma sana na macho yakiona ukungu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usipitie duka la dawa. Nenda penye wodi ya watoto wachanga: Amana, Temeke, Mwananyamala, au Muhimbili kwa rufaa. Zahanati ya mtaani inafaa sana kwa kliniki ya kila mwezi, lakini si mahali pa kuzalia mtoto ambaye wiki zake hazijatimia. Mimba ikiwa chini ya wiki 34, daktari anaweza kukuchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na sindano hizo zinahitaji muda kabla hajazaliwa. Ndiyo maana kuchelewa kunagharimu.

Saa za mwanzo: pumzi, joto, sukari

Mapafu yana ute unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Ute huo hukamilika wiki za mwisho mwisho. Pia mtoto tumboni ana majimaji mapafuni, na uchungu wenyewe husaidia kuyaondoa. Kwa hiyo mtoto wa wiki 36 aliyetolewa kwa upasuaji bila uchungu kuanza ana hatari kubwa zaidi ya kuhema kwa shida kuliko mwenzake wa wiki hizohizo aliyezaliwa kwa njia ya kawaida. Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima ukitazama saa. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu njiti hupumua haraka, akapunguza, akaharakisha tena. Zikizidi 60 kwa dakika, au akiguna kila anapotoa pumzi, au kifua kikibonyea chini ya mbavu, mwite muuguzi.

Akizaliwa akaushwe, avishwe kofia, alale kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Kuoga kusubiri angalau saa 24. Najua shangazi ameshabeba beseni na sabuni. Mwambie beseni lirudi nyumbani.

Sukari wengi hawaijui. Mafuta na akiba ya sukari mwilini huwekwa wiki za mwisho za mimba, na mtoto aliyewahi kutoka anakuja na akiba ndogo. Sukari ikishuka anatetemeka mikono, analegea, au anazidi kulala. Wengine hawaonyeshi chochote. Muulize muuguzi: "Sista, sukari ya mtoto mmeipima?" Ni tone moja la damu kisiginoni. Dawa ya kwanza ya kuizuia ni maziwa yako ya mwanzo, yale mazito ya njano, ndani ya saa ya kwanza. Yanaonekana machache, na tumbo lake nalo ni dogo.

Usiharakie kuruhusiwa

Wodi za wazazi za Dar zinajaa, na kitanda chako kina mtu anayekisubiri. Hilo linaeleweka. Lakini kwa mtoto wa wiki hizi omba angalau saa 48, na kabla ya kuondoka haya yawe yametimia: joto la mwili liko kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 bila kushukashuka; amenyonya vizuri mchana na usiku mzima; amekojoa na kupata choo; amepimwa uzito na kuangaliwa manjano; na una tarehe ya kurudi ndani ya siku mbili. Ya wiki sita ni nyingine, usichanganye.

Namna ya kuomba nayo ina maana. "Sista, mtoto wangu ana wiki 35, bado ananyonya kwa kusuasua. Tunaomba tulale leo tena tumwangalie." Ombi lenye sababu hupata jibu kuliko malalamiko.

Kunyonya: hapa ndipo mambo yanapoharibika

Mtoto wa wiki 35 anaweza kushika titi, akavuta mara tatu, akalala. Hajashiba, amechoka. Kuvuta, kumeza na kupumua kwa mpangilio ni kazi ambayo ubongo wake bado unajifunza. Na hapa kuna sifa moja ninayoiogopa kuliko zote: "Mtoto wake mpole, hasumbui kabisa, analala usiku kucha." Kwa mtoto wa miezi sita ni neema. Kwa njiti wa siku nne, upole huo huenda ni sukari kushuka, manjano kupanda, au maambukizi kuanza. Anayelia kwa njaa ana nguvu ya kulia.

Kwa hiyo usimsubiri adai. Weka alamu kwenye simu kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana, zifike mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Kumwamsha, mvue nguo abaki na nepi, msugue nyayo, mfute uso kwa kitambaa chenye unyevu, kisha mweke titini. Mwanzoni mbadilishie mkao: mlaze chini ya kwapa lako, kichwa kwenye kiganja, miguu ikielekea mgongoni mwako. Mkao huo unakupa nafasi ya kuiona midomo yake. Ukiona ameacha kuvuta, minya titi taratibu ili maziwa yamfuate mdomoni.

Kila lisho lisizidi nusu saa hivi, maana kunyonya nako kunamla nguvu. Akichoka, kamua maziwa na umpe kwa kikombe. Kikombe kiwe kidogo, kile cha kahawa kinafaa, kilichochemshwa. Mkalishe mapajani karibu wima, mikono yake ifungwe kwa khanga asipige kikombe. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yafike tu mdomoni. Usimimine. Subiri. Utaona ulimi unatoka, unalamba kama wa paka, kisha anameza, anapumzika, analamba tena. Nusu ya maziwa huishia kwenye khanga siku za mwanzo, ndivyo ilivyo. Chupa ya chuchu iepuke: ni ngumu kuisafisha vya kutosha, na inamfundisha uvutaji mwingine.

Maziwa yaliyokamuliwa yakae kwenye chombo safi chenye kifuniko, na kwenye chumba chenye ubaridi yasipitishe saa nne. Kwa joto la Februari Dar, hata hizo ni nyingi. Yaweke kwenye friji. Umeme ukikatika muda mrefu, usibahatishe, kamua mengine.

Utajuaje ameshiba? Kuanzia siku ya tano alowanishe nepi sita au zaidi kwa siku, na choo kiwe kimeshatoka weusi kikawa cha njano. Uzito kushuka kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini usipite asilimia 10. Aliyezaliwa na kilo 2.6 asifike chini ya kilo 2.34. Baada ya hapo aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku, na akifikisha wiki mbili awe amerudi alikoanzia. Usimpe maji, maji ya sukari, dawa ya chango wala dawa ya gesi ya dukani. Tumbo la saizi ile likijazwa maji, maziwa yataingia wapi? Maziwa ya kopo yatumike pale daktari amesema, kwa vipimo vya kwenye kopo. Ukiyazidisha maji ili yadumu, unamnyima chakula.

Manjano

Ini la njiti ni jipya kazini. Linachelewa kuondoa rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu za damu zinapovunjika, na kwa aliyezaliwa kabla ya wakati rangi hiyo hufika kileleni siku ya tano hadi ya saba. Ndizo siku ambazo wengi wako nyumbani. Ikipanda sana huingia kwenye ubongo, na madhara yake, kama uziwi au mtindio wa ubongo, hayarudi nyuma.

Kwenye ngozi zetu manjano hujificha. Usimtazamie chini ya taa ya chumbani. Mpeleke dirishani mchana. Bonyeza ncha ya pua au paji la uso kwa kidole, achia, tazama rangi kabla damu haijarudi. Kisha angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano yaliyoonekana ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura, hata yakiwa hafifu. Manjano yaliyofika viganjani au nyayoni ni dharura pia, siku yoyote. Anayezidi kuwa wa njano huku kunyonya kukipungua, msisubiri asubuhi. Hospitali watapima damu, na ikibidi watamweka chini ya taa ya bluu akiwa amefunikwa macho. Haiumi, na kwa kawaida ni siku chache.

Jua la asubuhi je? Kila mtaa una mtu wa kukwambia umtoe nje saa moja. Jua la dakika kumi halitibu manjano yaliyopanda, linachofanya ni kukupa moyo wakati muda unakwenda. Huku mtoto aliyevuliwa nguo kibarazani anapoteza joto.

Jambo moja halisemwi vya kutosha hapa Pwani. Watu wengi wa maeneo yenye malaria wana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, wanaishi nao bila kujua. Kwa mtoto mwenye upungufu huo, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa kabatini kufukuza mende na nondo vinaweza kuvunja damu yake na kupandisha manjano kwa kasi ya kutisha. Nguo za mtoto wa kwanza zilizotunzwa sandukuni na vidonge hivyo, na hata khanga za bibi, zisimguse njiti. Kufua na kuanika bado huacha mabaki, bora utumie nguo nyingine kabisa. Waambie wauguzi pia kama mtoto wenu wa kwanza aliwahi kuwekwa kwenye taa, au kama kundi lako la damu ni O au hasi.

Joto, hata Dar

Sisi tunatoka jasho, tunadhani naye anatoka jasho. Njiti ana mafuta machache chini ya ngozi, na feni ya darini ikimpiga baada ya kukojoa, anapoa. Nunua kipima joto cha dijitali duka la dawa, weka kwapani. Chini ya 36.5 mweke kifuani mara moja, umfunike, umnyonyeshe, umpime tena baada ya saa moja. Kama hajapanda, au ameshuka chini ya 35.5, ni hospitali. Kumfunga mablanketi matatu Februari nako ni kosa, maana anapanda joto la nje na mnadhani ni homa.

Njia bora ni ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu, alale wima katikati ya matiti, tumbo kwa kifua, kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa kama ya chura. Mfunge kwa khanga au kitenge mpaka chini ya sikio, pua ibaki wazi na kidevu kisibane kifuani. Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku kwa njiti na wenye uzito mdogo. Muhimbili ilikuwa kati ya hospitali za nchi tano zilizofanya utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao ulionyesha kuwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walipungua kufa kwa robo. Huyu wako ni mkubwa kuliko hao, na anafaidika kwa joto, maziwa kutoka vizuri na usingizi uliotulia. Baba naye ana kifua. Akitoka kazini aoge, avae kaptula, apokee zamu.

Wageni na usingizi

Arobaini itumieni vizuri: ni sababu tosha ya kumwambia mgeni apongeze kutoka mlangoni. Mwenye mafua asiingie, hakuna kumbusu mtoto, na kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni. Kitovu kisipakwe kitu msichopewa hospitali. Akiwa kitandani alale chali, bila mito, ndani ya chandarua, na asivutiwe sigara wala ubani chumbani.

Safari ya dharura ipangwe mchana

Kimbia hospitali ukiona lolote kati ya haya: amekataa kunyonya mara mbili mfululizo au hawezi kuamka, pumzi zaidi ya 60, kuguna, kifua kubonyea, amesita kupumua au midomo imekuwa ya bluu, joto zaidi ya 37.5, au chini ya 35.5, degedege, anatapika kijani, kitovu chekundu chenye usaha, manjano ya viganja na nyayo.

Sasa jiulize: saa nane usiku utapita wapi? Aliye Kigamboni ajue hospitali ya Vijibweni iko umbali gani na gari la kupita Daraja la Nyerere litatoka kwa nani, asitegemee pantoni. Wa Mbagala awe na namba ya dereva bajaji anayepokea simu usiku. Bodaboda ni ya mwisho kabisa. Namba 115 ya m-mama hupigwa bure kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Njiani mtoto awe kifuani, ngozi kwa ngozi, na kadi iwe mkononi.

Kliniki, chanjo na umri wa kweli

Chanjo hazisubiri akue. Zinahesabiwa tangu siku aliyozaliwa: wiki ya 6, ya 10, ya 14, na surua na rubela miezi 9 na 18. Ya kifua kikuu ndiyo wakati mwingine huahirishwa kwa mwenye uzito mdogo sana. Njiti amezaliwa kabla hajapokea kinga yote ya mama na akiba yote ya madini ya chuma, kwa hiyo ukifika kliniki ya wiki ya pili uliza kuhusu matone ya chuma na vitamini D. Dozi inapimwa kwa kilo, usinunue kwa kukisia. Mwaka wa kwanza kifua kinaweza kumsumbua kuliko wenzake, mafua madogo yanaweza kuwa nimonia, msichelewe.

Maendeleo yake yapime kwa umri uliorekebishwa. Aliyewahi wiki tano, akitimiza wiki 13, mtazame kama wa wiki 8. Jirani akisema wake alikaza shingo mapema, fanya hesabu kwanza ndipo uwe na hofu. Tumieni hesabu hiyo mpaka miaka miwili. Watoto hawa wengi hukua sawa na wengine. Wachache huchelewa kuzungumza au kushika masomo, na hao wakionekana mapema husaidika. Aliyepata manjano makali apimwe usikivu hata kama anaonekana yuko sawa.

Kwa mama aliyeajiriwa: marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yaliongeza likizo kwa aliyejifungua njiti, kufidia wiki zilizokuwa zimebaki kufikia 40. Omba hospitali ikuandikie wiki alizozaliwa nazo, upeleke barua hiyo kwa mwajiri mapema.

Mimba ijayo

Aliyewahi kujifungua kabla ya wakati ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudia, kwa hiyo liseme siku ya kwanza ya kliniki, na siku hiyo iwe kabla ya wiki 12. Pima ultrasaundi mapema, pima mkojo na presha kila unapokwenda, meza dawa za kukinga malaria, lala kwenye chandarua. Zipe mimba nafasi angalau miezi 18. Na kama ni upasuaji wa kupangwa, tarehe isiwe kabla ya wiki 39 isipokuwa kuna sababu ya kitabibu. Siku hizi kuna wanaochagua tarehe ili ilingane na ya ndoa au safari ya daktari. Muulize daktari wako swali moja tu: "Siku hiyo mtoto atakuwa na wiki ngapi?" Akijibu 36 au 37 bila kukutajia sababu ya kitabibu, tafuta maoni ya daktari mwingine.